Nyumba ya Kwanza Juu ya Udongo Mweusi

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Ruiru siku hizi aweza asiione kabisa Nairobi ya maghorofa. Akishuka garimoshini Syokimau, hushika barabara ya Mombasa kwa mwendo mfupi, kisha huingia barabara ya mchepuko wa mashariki, akauzunguka mji kwa nyuma ya uwanja wa ndege, na ikiwa magari hayakusongamana hutokea Kamakis, ambapo moshi wa nyama ya kuchoma humlaki kabla ya watu. Hapo ndipo Ruiru inapoanza. Mbele yake imelala barabara kuu ya Thika, ile pana iliyozinduliwa na Rais Mwai Kibaki mwezi wa Novemba 2012, yenye njia nane katika sehemu zake kubwa.

Barabara hiyo ndiyo mzazi wa mengi nitakayoyaeleza. Kabla yake, mtu wa Thika aliyefanya kazi Nairobi aliihesabu safari kwa masaa. Baada yake aliihesabu kwa dakika, na hesabu hiyo mpya ikageuka nyumba. Sensa ya 2009 iliwakuta Ruiru watu wapatao 240,000. Ile ya 2019 iliwakuta zaidi ya 490,000, ilhali Thika, mji mkongwe wenye viwanda, ulikuwa na takribani nusu ya idadi hiyo. Jirani mdogo alikwisha kumpita mkubwa wake.

Miongoni mwa maelfu hayo wamo watoto wetu. Walikwenda kusoma Chuo Kikuu cha Kenyatta au kile cha Jomo Kenyatta kilichoko Juja, wakapata kazi, wakaoa na kuolewa, na Pwani ikawa ni mahali pa kurudi Idi. Kwa miaka hulipa kodi ya nyumba. Kisha siku moja hukaa chini, mume na mke, wakahesabu kodi waliyokwisha kulipa, na hesabu ile ikawatia uchungu. Hapo ndipo dalali anapopigiwa simu.

Mpwa wangu na mkewe walifikia siku hiyo mwanzoni mwa mwaka huu. Walipata nyumba ya vyumba vitatu mashariki mwa Ruiru, ya mawe, yenye rangi ya maziwa na geti jipya. Wakatoa arubuni ya sehemu ya kumi ya bei, kama ilivyo desturi katika mauzo ya ardhi nchini, na sehemu ya arubuni hiyo ilitokana na bangili za bibi harusi, zile alizotoka nazo kwao. Nalitaja hili makusudi, kwa kuwa mtu asiyejua fedha imetoka wapi hawezi kujua hofu inatoka wapi. Yaliyobaki yangelipwa na benki, na mauzo yangekamilika katika siku tisini.

Mwezi wa Aprili masika yakapiga. Mwisho wa mwezi nikapigiwa simu.

"Ami, nyumba imepasuka."

"Imepasuka au imefanya ufa?"

Akanyamaza kidogo. "Sijui tofauti yake, Ami."

Marehemu baba yangu alikuwa mwashi. Nimekulia katika vumbi la chokaa, na nyumba za kwetu nazijua kama nijuavyo jamaa zangu. Ukuta wa matumbawe una maradhi yake: chumvi hupanda, lipu huvimba na kumomonyoka, boriti huliwa na mchwa kwenye ncha iliyozikwa ukutani. Vyumba vya wazee wetu vilikuwa vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haivuki zaidi ya urefu wake, si kwa sababu wazee walipenda dhiki. Hayo nayajua. Ila nyumba ya bara ni kiumbe kingine, na nilipopanda gari la moshi mwezi wa Mei nilikwenda kama mwanafunzi.

Ardhi ya Ruiru yafaa ielezwe kwanza. Zama za ukoloni sehemu kubwa yake ilikuwa mashamba ya walowezi: kahawa, mkonge na malisho ya ng'ombe. Baada ya uhuru, mashamba mengi yalinunuliwa na makampuni na vyama vya ushirika vya wananchi wa kawaida, watu waliochanga hisa ndogo ndogo, kisha wakagawana ardhi kwa kura. Kipande kikazaa vipande, hata ikafikia ploti ya futi hamsini kwa mia, ambayo madalali huiita thumuni ya ekari. Ukipiga hesabu utaona kwamba haifiki thumuni kamili. Pamepunguka zaidi ya futi mraba mia nne. Lakini jina limekwisha kuzoeleka, na hakuna anayeuliza.

Jina la Ruiru lenyewe, kwa Kikuyu, lina weusi ndani yake, na wenyeji hulinasibisha na mto. Kwa mnunuzi wa nyumba weusi ulio muhimu zaidi uko chini ya miguu yake. Kwa jumla, upande wa magharibi wa barabara kuu, kuelekea vilima vya Kiambu, udongo ni mwekundu, mzito, wenye kutulia. Upande wa mashariki, kuelekea nyanda zinazoshuka hadi Mto Athi, aghalabu utakuta udongo mweusi wa kunata, ambao mafundi huuita blakikotoni, jina lililokuja na kumbukumbu ya mashamba ya pamba ya Bara Hindi. Udongo huu hunywa maji ukavimba, hukauka ukasinyaa. Wakati wa kiangazi hufanya mianya ambayo mtoto aweza kuingiza mkono; mvua ikinyesha mianya hufunga na ardhi yote huinuka. Hauinuki sawasawa, na hapo ndipo balaa ilipo. Ukijenga juu yake bila ya kuuondoa, umejenga juu ya kifua cha mtu anayepumua.

Dawa yake yajulikana tangu zamani: huchimbwa mpaka ipatikane ardhi ngumu, mwamba au moramu, kisha msingi hukaa juu ya huo ugumu; au hutandazwa zulia zima la zege lenye vyuma, nyumba ikakaa kama jahazi. Dawa hii ni ghali. Kuchimba mita moja na nusu ama mbili, kubeba udongo kwa lori na kurudisha mawe kwaweza kula fedha nyingi kabla hata jiwe la kwanza la ukuta halijaonekana. Mjenzi mwenye haraka hupunguza palepale ambapo jicho la mnunuzi halifiki.

Tulifika kwenye nyumba asubuhi yenye umande, pamoja na fundi mmoja mzee aliyejenga Ruiru na Juja kwa zaidi ya miaka thelathini. Mawe ya kuta yalikuwa yale ya kukatwa kwa mashine kutoka machimbo ya Ndarugo karibu na Juja, mazuri, yamenyooka. Ufa ulianzia pembe ya dirisha la chumba cha nyuma, ukashuka kwa ngazi kufuata maungo ya mawe mpaka karibu na sakafu. Upana wake haukuwa sawa. Mwisho mmoja uliweza kumeza sarafu ya shilingi kumi, mwisho mwingine ulikuwa unywele. Mlango wa chumba hicho ulikataa kufunga.

Fundi hakusema kitu kwa muda. Alitoa kisu kidogo, akakwangua ndani ya ufa, akatuonyesha kilichotoka: unga mweupe, na chini yake utando wa rangi ya zamani.

"Ufa huu haukuja na mvua hii," akasema. "Umerudi."

Maana yake ilikuwa wazi kwa kila mmoja wetu. Kuna mtu aliyewahi kuujaza ufa ule kwa unga wa kupakia, akapaka rangi ya maziwa juu yake, na nyumba ikaonyeshwa kwa wanunuzi mwezi wa Februari, wakati ardhi ni kavu. Mke wa mpwa wangu alitoka nje akasimama penye geti, mgongo wake kwetu.

Yafaa niwaeleze wasomaji tofauti ambayo fundi alitufundisha, kwani ndiyo jibu la swali nililouliza kwenye simu. Nyufa nyembamba zinazotapakaa juu ya lipu kama utando wa buibui ni za lipu peke yake. Lipu ilikauka upesi, au ilichanganywa vibaya. Haziui. Ufa unaokwenda mshazari kutoka pembe za madirisha na milango, unaopita kwenye jiwe ama kwenye maungo yake, na unaoonekana ndani na nje mahali pamoja, huo ni wa msingi. Ukiwa mpana upande mmoja kuliko mwingine, maana yake upande mmoja wa nyumba umekwenda mahali ambapo mwingine haukwenda. Swali linalobaki, na ambalo jicho haliwezi kulijibu kwa siku moja, ni kama nyumba bado inakwenda.

Kwa hilo fundi alikuwa na hila rahisi. Alikoroga plasta, akaweka kiraka cha upana wa kiganja juu ya ufa wa chumba cha nyuma na kingine juu ya ufa mdogo wa sebuleni, akaandika tarehe kwa penseli juu ya kila kimoja. Plasta hainyumbuki. Nyumba ikisogea hata kidogo, kiraka hupasuka; ikitulia, hukaa kizima.

Kabla ya kuondoka akafunua kifuniko cha tangi la maji taka. Lilikuwa limejaa mpaka juu, ingawa nyumba haikuwa na mtu. Mitaa mingi ya huko haijafikiwa na mabomba ya maji machafu, hivyo kila nyumba ina tangi lake na shimo la kunywesha maji ardhini. Katika mchanga wetu wa Pwani shimo kama hilo hunywa bila ya kusita, hata twahofia visima vyetu. Udongo mweusi ukishiba haunywi tena, na maji hurudi. Mwenye nyumba huwa mteja wa kudumu wa malori ya kunyonya.

Jioni hiyo tuliketi kwa wakili. Aliyotueleza hayakupendeza. Sheria yetu ya kuuza ardhi na majengo imerithi kutoka Uingereza kanuni kwamba mnunuzi atumie macho yake mwenyewe. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, inayomlinda anunuaye redio mbovu, haihesabu ardhi wala nyumba kuwa bidhaa. Muuzaji akinyamaza, kwa kawaida kunyamaza kwake si kosa. Akiulizwa akadanganya, hapo ndipo kuna kesi, nayo kesi ni miaka. Nyumba mpya kutoka kwa kampuni ya ujenzi huwa na afueni kidogo, maana mikataba mingi huweka muda, aghalabu miezi sita, ambao mjenzi hurekebisha kasoro kwa gharama yake. Lakini ni lazima uandikwe. Mnunuzi wa nyumba mpya aombe pia ramani zilizoidhinishwa na kaunti na cheti cha Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, ile iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Nyumba ya mkono wa pili huuzwa jinsi ilivyo.

"Lakini benki ilituma mtu akaikagua," mke wa mpwa wangu akasema.

Benki ilimtuma mthamini. Hapa naona wengi huteleza, na si haki kuwalaumu, kwa kuwa hakuna anayewaeleza. Mthamini huangalia nyumba itauzika kwa kiasi gani. Hakuajiriwa kuangalia itasimama kwa miaka mingapi. Ripoti yake ni ya kuilinda fedha ya benki. Anayetaka kujua hali ya msingi, paa, nyaya na mabomba humwajiri mhandisi wa majengo kwa fedha yake mwenyewe, kabla ya kutia saini, na malipo hayo ni madogo yakilinganishwa na arubuni.

Tangu mwaka 2008, zilipofungua milango benki za kwanza za Kiislamu nchini Kenya, familia zetu nyingi hununua nyumba kwa murabaha au kwa ushirika unaopungua. Liko jambo humo ambalo wateja hawaliulizi. Katika murabaha, benki hununua nyumba kisha humuuzia mteja kwa faida iliyotajwa; kwa hiyo, ingawa ni kwa kitambo, benki nayo imekuwa muuzaji, na aibu ya kitu kilichouzwa humhusu muuzaji. Katika ushirika unaopungua, benki na mteja ni wamiliki wawili, na kwa asili ya mkataba matengenezo makubwa ya mali humfuata kila mmiliki kwa kadiri ya fungu lake. Aghalabu hati iliyochapishwa humrudishia mteja mzigo wote kwa kifungu kimoja. Basi aulize, na ajibiwe kwa maandishi. Mpwa wangu aliuliza, na ingawa jibu halikuwa lote alilolitaka, benki ilikubali kusubiri ripoti ya mhandisi kabla ya kutoa fedha.

Kanuni ya fikihi, kinyume na ile tuliyoirithi kwa Waingereza, haimruhusu muuzaji kunyamaza. Aibu iliyofichika humpa mnunuzi khiyari: arudishe kitu, au akishike. Wasomaji wanakumbuka kisa, kilichopokewa na Abu Huraira na kuhifadhiwa na Imamu Muslim, cha Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopita sokoni penye lundo la chakula, akaingiza mkono ndani yake, na vidole vikatoka na unyevu. Mwenye lundo alisema ni mvua. Akaulizwa kwa nini basi hakuuweka unyevu ule juu, watu wakauona. Nilikumbuka kisa hicho chumbani mule, nikiutazama unga mweupe juu ya ncha ya kisu. Hata kisingizio kilikuwa ni mvua.

Lakini hukumu yataka kumsikiliza mtu. Siku ya pili tulikwenda kwa muuzaji, mzee mstaafu mwenye fimbo na koti zito. "Shikamoo, Mzee," mpwa wangu akamwambia, salamu isiyosikika mara nyingi upande huo, na mzee akatabasamu kabla ya kuitikia. Tulinywa chai ya maziwa. Akakubali bila ya kubishana kwamba mwanawe ndiye aliyeleta mpaka rangi kabla ya kuuza. Yeye mwenyewe aliuona ufa zamani, akadhani ni lipu.

"Nyumba hii niliijenga kwa malipo yangu ya kustaafu," akasema. "Kila nilipopata, niliweka mawe. Fundi aliniambia tumefika kwenye ugumu. Mimi nilikuwa kazini, sikuona shimo."

Niliamini. Pengine nilitaka kuamini. Lakini mtu akisema hakuliona shimo la msingi wake, asema jambo ambalo nusu ya wenye nyumba wa Ruiru wangelisema.

Alitaka kutengeneza mwenyewe, kisha auze kwa bei ileile. Nikamshika mpwa wangu mkono tulipotoka. Matengenezo ya anayeondoka na matengenezo ya anayebaki si kitu kimoja, hata wote wawili wakiwa waaminifu. Anayeondoka hutengeneza mpaka siku ya funguo. Afadhali bei ipungue na kazi ifanywe na atakayelala chini ya paa lile. Mawakili wakaandikiana, muda wa kukamilisha mauzo ukaongezwa, na viraka vikaachwa vifanye kazi yake.

Vijana hawakuweza kukaa kungoja plasta. Wiki hiyo tukaenda Thika, kutazama nyumba nyingine iwapo ile ya kwanza ingeachwa.

Thika iko mwendo mfupi kaskazini, lakini ni mji wa tabia nyingine. Wako wasemao kwamba jina lake latokana na neno la Kikuyu la kuzika, na sikio la Mswahili hulitambua neno hilo bila ya mkalimani. Mito miwili, Chania na Thika, hukutana pale mjini, na kati ya maporomoko yake imesimama hoteli ya Blue Posts, iliyokuwapo tangu 1908. Wageni wa mbali huujua mji kwa kitabu cha Elspeth Huxley cha mwaka 1959 kuhusu utoto wake huko. Wenyeji huujua kwa viwanda na kwa mashamba ya mananasi yasiyokwisha macho. Juu zaidi milimani liko bwawa la Ndakaini, ambalo huukata mto Thika na kuyapeleka maji yake Nairobi. Mkazi wa Ruiru anunuaye maji ya kisima kwa lori huishi katikati ya njia ya maji hayo.

Nyumba ya Thika ilikuwa ya zamani, pengine ya miaka ya 1960, katika mtaa wenye miti mikubwa. Niliipenda mara moja. Kuta nene, ardhi ngumu, hakuna ufa hata mmoja. Nikapiga ukuta kwa kiganja kama afanyavyo mnunuzi wa ng'ombe. Fundi aliangalia juu, akatikisa kichwa. Paa lilikuwa la vigae vya asbesto, vyenye mawimbi, kijivu, vimeota kuvu.

Asbesto hairuhusiwi tena kuezekea nchini Kenya tangu 2006, kwa kuwa vumbi lake likiingia mapafuni haliondoki, na huleta saratani baada ya miaka mingi. Paa zima lisiloguswa lina hatari ndogo. Hatari huja siku linapovunjwa, kukatwa au kusuguliwa. Kwa hiyo haifai kumwita fundi wa mabati akapanda na nyundo. Kuliondoa huhitaji watu wenye leseni ya Mamlaka ya Mazingira, nguo za kujikinga, kuloweshwa kwa maji ili vumbi lisiruke, na mahali maalumu pa kuzika vigae. Fundi akafungua pia mfereji wa jikoni. Maji yalitoka mekundu, kisha yakawa uzi, maana mabomba ya chuma yalikuwa yameliwa na kutu ndani mpaka njia ikabaki ya kalamu. Paa na mabomba pamoja vingekula zaidi ya nusu ya akiba yao, na hapo bado hawajapaka rangi.

Tulirudi Ruiru kimya. Basi lilijaa wafanyakazi wa viwandani waliolala wamekaa, na mke wa mpwa wangu, ambaye siku zote hizo alikuwa akisikiliza zaidi ya kusema, akasema: "Ile ya Thika tutajua tunachotengeneza. Hii ya Ruiru hatujui." Sikuona neno lililo sahihi kuliko hilo katika safari nzima. Ufa wenyewe haukuwa hoja kubwa. Hoja ilikuwa kuijua sababu yake, kwa kuwa kazi yenye sababu inayojulikana huwa na bei, na kisicho na sababu hakina mwisho.

Baada ya wiki tatu, nikiwa nimekwisha kurudi Mombasa, picha zikaja kwenye simu. Kiraka cha sebuleni kilikuwa kizima. Kile cha chumba cha nyuma kimekatika katikati, na tarehe ya penseli imegawanyika, siku upande huu na mwezi upande ule. Mhandisi akaletwa. Alichimba shimo kando ya msingi katika kona hiyo, na jingine upande wa sebule. Sebuleni msingi ulikuwa umefika kwenye moramu. Konani ulikuwa umeishia ndani ya udongo mweusi, juu ya ugumu kwa kiasi cha urefu wa mkono, kana kwamba wachimbaji walichoka magharibi ya siku ya mwisho. Tena juu ya kona hiyohiyo mlizamu wa paa ulikuwa ukimwaga maji ya nusu ya nyumba, na hatua chache kutoka hapo lilikuwa tangi la maji taka lililofurika. Nyumba haikuwa mgonjwa yote. Kona moja ilikuwa ikinyweshwa kutoka juu na kutoka ubavuni.

Sasa palikuwa na sababu, na kwa hiyo palikuwa na bei. Mhandisi aliandika: kona ichimbwe kwa vipande, kimoja baada ya kingine, na zege lishushwe chini ya msingi mpaka kwenye moramu; maji ya paa yakusanywe kwenye tangi la kuhifadhia badala ya kumwagwa; kibaraza cha saruji chenye mteremko kizungushwe nyumba nzima, ili udongo ulio chini usilowe wala usikauke kwa ghafla; shimo la kunywesha lihamishiwe pembe ya mbali na lijazwe kokoto, kwa matarajio madogo. Ufa wenyewe ungezibwa mwisho kabisa. Mzee alisoma hesabu ile mara mbili, akauliza maswali mawili ya kijenzi, yote ya maana, kisha akakubali itolewe kamili katika bei. Mwanawe hakukubali, lakini hati haikuwa ya jina lake.

Mauzo yalikamilika Julai. Kodi ya serikali ya kuhamisha umiliki, asilimia 4 ya thamani kwa mali ya mjini, ililipwa, na kazi ikaanza Agosti, mwezi wa baridi na mawingu ambapo mvua ni haba. Mafundi wa kona walifanya polepole mpaka majirani wakawacheka. Niliporejea Septemba kibaraza kilikuwa kimekamilika, tangi jeusi la maji ya paa limesimama kwenye jukwaa lake likiwa tupu, na mlango wa chumba cha nyuma ulifunga kwa kidole kimoja. Shimo la maji taka bado lilisumbua, na lori la kunyonya lilikwisha kuja mara moja.

Fundi alikuwa ameweka kiraka kipya penye ufa kabla ya kuuziba, akaandika tarehe 28 Agosti. Mpwa wangu hukiangalia kila alfajiri akitoka kuswali. Siku niliyoondoka kilikuwa kizima, ardhi ya nje imeanza kufanya mianya, na vuli haijanyesha.